Shajara ya siku 60: natafuta kalori zangu za kweli, Tabata Kimanga, Dar es Salaam

Siku ya 1, Jumatatu

Nimeanza leo. Programu ni ile ya video ya siku 60, mazoezi makali ya nyumbani bila chuma wala mashine, siku sita kwa wiki na Jumapili kupumzika. Nafanyia barazani kwa nyuma, kwenye sakafu ya saruji, mkeka mmoja na feni ya kusimama inayovuta umeme kwa waya kutoka dirishani. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, urefu sentimita 172, mizani leo asubuhi imesoma kilo 88.0. Baba yangu ana sukari ya muda mrefu na mwaka huu nilipopima zahanati, sukari yangu ikawa imeanza kupanda, daktari akasikiliza moyo, akasema mazoezi ruksa ila nipunguze uzito. Hiyo ndo sababu, sina nyingine.

Video ya leo dakika 42. Saa ya mkononi imeandika kalori 704. Nikafurahi sana, nikaenda mezani nikala chapati mbili juu ya zile zangu za kawaida maana nilijiambia nimeshazilipia.

Siku ya 3, Jumatano

Mama Neema ndo kaniuliza swali ambalo limezaa hii shajara. Alikua anapika chapati, akaniangalia navochukua ya nne akasema, "Baba Neema, hiyo saa imejuaje? Imekaa mkononi, haijaingia tumboni." Sikua na jibu. Usiku nikakaa na kaunta buku jipya nikaandika juu: KALORI NINGAPI KWELI. Kuanzia leo kila kitu naandika humu, na kila mwisho wa wiki nahamishia hapa.

Kwanza chapati yenyewe, maana ndo upande wa pili wa mizani. Tulipima unga na mafuta, tukagawa kwa idadi ya madonge: kila chapati ina unga kama gramu 60 na mafuta kama gramu 10. Unga wa ngano gramu moja ni kalori kama 3.6, mafuta ni 9. Kwahiyo 216 jumlisha 90, chapati moja ni kalori 306. Mbili za ziada ni 612. Yani kama saa imekosea hata kidogo tu, mimi nimetoka jasho dakika 42 nikarudi nilipokua, au nikaongeza.

(Kalori ninazoandika ni zile za kwenye chakula, kitaalamu kilokalori. Kila mtu mtaani anasema kalori na mimi nasema hivohivo.)

Siku ya 6, Jumamosi

Nimetumia bando lote la wiki kusoma, ila nimeelewa vitu na nataka niviandike vizuri kabla havijanitoka.

Mwili unachoma chakula kwa oksijeni. Lita moja ya oksijeni ukiitumia ni kalori kama 5. Kwahiyo kipimo cha kweli cha kalori kwenye mazoezi ni kuvaa barakoa inayopima hewa unayovuta na unayotoa, na hiyo ipo maabara, haipo Kimanga. Vingine vyote ni kukisia, tofauti ni unakisia kupitia mlango gani.

Mlango wa kwanza ni jedwali la MET. MET 1 ni mwili ukiwa umekaa kimya, inahesabiwa mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika. Ukitembea, ukifua, ukiruka kamba, kila kitu kimepewa namba ya mara ngapi ya kukaa kimya. Jedwali hilo kubwa lilitoka Marekani 1993, aliyeliongoza ni Barbara Ainsworth, na limekua likiongezwa na kurekebishwa, toleo la karibuni ni la 2024. Kwenye toleo la 2011 mazoezi makali ya viungo kama pushapu na kuruka yana MET 8.0, kukimbia papo hapo 8.0, kunyoosha viungo taratibu 2.3.

Hesabu yake: MET × 3.5 × kilo ÷ 200 = kalori kwa dakika. Kwangu MET 8 inatoa 12.3 kwa dakika. Ukizidisha harakaharaka kwa dakika 42 unapata 517. Lakini video sio dakika 42 za kuruka! Nimeiangalia tena nimekaa, na saa ya ukutani: dakika 8 kupasha mwili, 5 kunyoosha, 20 za kazi yenyewe, 5 jumla ya vile vipumziko vya nusu dakika nusu dakika, 4 kumalizia kwa kunyoosha. Kazi ya kweli na kupasha ni dakika 28 tu. Hizo 28 nikazipa 8.0, zile 14 nyingine nikazipa 2.3. Jumla 395.

Kutoka 704 mpaka 395. Mazoezi ni yaleyale na mtu ni yuleyule.

Siku ya 8, Jumatatu

Mlango wa pili ni mapigo ya moyo na huu ndo ambao saa zinatumia. Moyo ndo unabeba oksijeni, ukienda kasi maana yake oksijeni nyingi inasafirishwa, kwahiyo ukijua mapigo, uzito, umri na jinsia unaweza kukisia kalori. Formula maarufu ni ya 2005, iliyotoka kwa Keytel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Kwa wanaume ni hivi:

(0.6309 × mapigo + 0.1988 × kilo + 0.2017 × umri − 55.0969) ÷ 4.184 = kalori kwa dakika

Sasa nahitaji mapigo ya uhakika. Saa ya mkononi inamulika mwanga wa kijani kwenye ngozi inasoma damu inavopita, na kwenye pushapu na bapii (kujitupa chini alafu kuruka juu), mkono ukikunjwa na kutikisika, inachanganya. Rafiki yangu mwendesha baiskeli kaniazima mkanda wa kifuani, ule unasoma umeme wa moyo wenyewe. Nimevaa vyote viwili leo. Nikiwa nimekaa vimelingana kabisa, 74 na 75. Kwenye kuruka kwa kutanua mikono saa ikapanda mpaka 171 wakati mkanda unasema 152. Nadhani ilikua inasoma mdundo wa mikono yangu badala ya moyo, maana nilivobadilisha zoezi tu ikashuka ghafla.

Mama Neema hakuamini hata mkanda, akanishika shingoni sekunde 15 akazidisha kwa nne, akapata 148 na mkanda 150. Ameukubali.

Siku ya 12, Ijumaa

Zoezi zima leo na vyote viwili. Uzito haujasogea, bado 88.

Mkanda: wastani wa mapigo 149. Saa: wastani 156, kalori 681.
Formula na mapigo ya mkanda: 15.2 kwa dakika, jumla 639.
Formula na mapigo ya saa yenyewe: 683.

Angalia hiyo ya mwisho. Saa imesema 681, mimi na kalamu nimepata 683. Sijafungua saa kuona ndani kuna nini lakini naona kabisa inapiga hesabu ya jinsi hii au ndugu yake. Kwahiyo hakuna kitu cha ajabu kule ndani, kuna mapigo (yaliyokosewa kidogo) na formula.

Nilivofurahi nikaenda kusoma hiyo formula walimpima nani. Waliopimwa ni watu wenye mazoea ya mazoezi, wakikimbia kwenye mashine au kuendesha baiskeli kwa mwendo uliotulia. Mimi nimekaa ofisini miaka kumi. Moyo wa mtu wa mazoezi ukipiga mara 149 unasukuma damu nyingi kuliko wangu ukipiga 149 hizohizo, na misuli yake inajua kuichukua hiyo oksijeni. Mapigo yetu ni sawa ila moto sio sawa. Formula inanipa mimi kalori za yule.

Nilichukia kidogo kwakweli, maana matangazo ya hizi programu yanakutajia mpaka kalori 1000 kwa saa, na mtu mwenye sukari au presha anapanga chakula chake kwa namba hiyo. Hii sio burudani kwa kila mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2017 walichukua saa saba za aina mbalimbali wakawavalisha watu 60, kwenye mapigo nyingi zilikua vizuri, ila kwenye kalori ile iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27 na ya mwisho ilikosea kwa asilimia 93.

Siku ya 14, Jumapili

Leo ilikua mapumziko lakini nimefanya kitu ambacho naona ndo moyo wa mradi wote. Nimejipima mwenyewe, nikatengeneza laini yangu, yani mstari wa mapigo na kalori, badala ya kutumia ya watu wengine.

Wazo ni hili. Kuna kazi ambazo kalori zake zinajulikana vizuri kwa hesabu ya kawaida, na mojawapo ni kupanda na kushuka kidato kimoja, maana unainua kilo zako kwenda urefu unaojulikana mara kadhaa kwa dakika. ACSM ya Marekani, wale wa tiba ya michezo, wana hesabu yake:

oksijeni = 0.2 × mizunguko + 1.33 × 1.8 × urefu wa kidato (mita) × mizunguko + 3.5

Mzunguko mmoja ni juu, juu, chini, chini. Kidato cha mlango wa nyuma nimekipima kwa tepu ya fundi, sentimita 20 kamili. Apu ya metronomu kwenye simu inapiga mdundo, kila mdundo mguu mmoja, 60 kwa mizunguko 15, 80 kwa 20, 100 kwa 25, 120 kwa 30. Kila spidi dakika 5 ili moyo utulie kwanza, alafu nasoma mapigo ya dakika ya mwisho. Saa 12 asubuhi kabla ya jua, feni imewashwa, sijala, sijanywa chai.

Mizunguko 15: oksijeni 13.7, kalori 6.0 kwa dakika, mapigo 112.
Mizunguko 20: oksijeni 17.1, kalori 7.5, mapigo 123.
Mizunguko 25: oksijeni 20.5, kalori 9.0, mapigo 135.
Mizunguko 30: oksijeni 23.9, kalori 10.5, mapigo 146.

Nikachora kwenye karatasi ya miraba ya Neema ya hesabu. Nukta nne zimekaa kwenye mstari karibu ulionyooka, sikutegemea kabisa, nilikaa pale nimeikodolea macho. Kila pigo moja likiongezeka kwangu mimi ni kalori 0.13 kwa dakika. Kwahiyo mapigo 149 ya Ijumaa ni 10.9 kwa dakika, mara 42 ni 458.

Saa 681. Formula 639. Laini yangu 458. Jedwali 395.

Na hata hiyo 458 najua iko juu kidogo, kwa sababu mbili. Kwenye vile vipumziko vya nusu dakika moyo haushuki haraka, unaendelea kudunda juu wakati mwili umesimama. Na kazi ya mikono, hasa mikono ikiwa juu ya kichwa, inapandisha mapigo kuliko oksijeni inayotumika ukilinganisha na miguu. Ndo maana nasema jibu langu liko kati ya 395 na 458, na sitaki namba moja ya kujifurahisha.

Siku ya 15, Jumatatu

Kuna makato mengine nilisahau! Hata ningelala kwenye kochi hizo dakika 42 mwili ungechoma tu. Kwa hesabu ya Mifflin na St Jeor ya 1990 (10 × kilo + 6.25 × sentimita − 5 × umri + 5 kwa mwanaume) mimi napumzikia kalori 1780 kwa siku, yani 1.24 kwa dakika, 52 kwa dakika 42. Hizo zimeshahesabiwa kwenye chakula changu cha siku, nikizihesabu tena kwenye mazoezi nazilipa mara mbili. Kwahiyo faida halisi ya zoezi ni 343 mpaka 406.

Chapati moja na kipande. Nimeiandika kubwa ukurasa wa kwanza.

Mtu wa kazini kaniambia usisahau moto unaobaki, kwamba baada ya mazoezi makali unaendelea kuchoma siku nzima. Upo kweli, umepimwa, ila ni asilimia kama 6 mpaka 15 ya zoezi lenyewe. Kwangu ni 24 mpaka 60 hivi. Robo chapati au chini ya hapo. Nauacha nje ya hesabu, uwe akiba.

Siku ya 19, Ijumaa

Jaribio la joto, nililipanga toka wiki iliyopita ila lingine limejipanga lenyewe.

Jumatano nilifanya video ileile saa 11 na nusu alfajiri, feni usoni, upepo kidogo. Mama Neema alikaa na kaunta buku akitia alama kila rudio ninalomaliza, ukiondoa kupasha na kunyoosha: marudio 386. Wastani wa mapigo 144.

Leo nimerudi mapema, nikaanza saa 10 alasiri, na dakika ya tatu umeme ukakatika. Nikaendelea bila feni. Wanaoijua Dar mwezi huu wanajua ninachosema, hewa imesimama, unyevu unaushika kwa mkono. Marudio 379, yani pungufu kidogo ya Jumatano. Wastani wa mapigo 157.

Kazi imepungua alafu moyo umeongezeka mapigo 13. Sababu ni kwamba kwenye joto moyo una kazi mbili, unapeleka damu kwenye misuli na unapeleka nyingine kwenye ngozi ikapoze mwili. Hiyo damu ya ngozini hainui kitu, hairuki bapii. Lakini saa haijui, yenyewe inaona pigo tu. Ukiweka 144 na 157 kwenye formula ya Cape Town tofauti ni kalori 82 kwa zoezi moja, zimetokana na joto na kukatika kwa umeme, misuli haijui habari yake. Hizi formula na saa zinatengenezwa watu wakiwa kwenye vyumba vyenye ubaridi, sisi tunazivalia pwani.

Na jasho. Nilijipima kabla na baada, bila nguo, nimejifuta: 87.8 ikawa 86.7. Kilo moja na gramu 100! Nilikua nimekaa kizingitini, mzee wa jirani akapita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Leo kilo umeimwaga yote hapo chini."

Alisema kwa nia njema na nikamshukuru, ila usiku nikapiga hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili inahesabiwa kama kalori 7700. Kilo 1.1 ingekua kama 8470, ambazo kwa mazoezi yangu ni zaidi ya siku ishirini za kazi. Yale yalikua maji. Nimekunywa lita na nusu mpaka kulala, asubuhi mizani itarudi palepale. Wanaojifunga nailoni tumboni na masweta wakikimbia barabarani jua kali ningeomba wasome hii aya, nawaona kila Jumamosi na naogopa kwa ajili yao.

Siku ya 26, Ijumaa

Wiki hii fupi. Nimekosa siku mbili, Neema alikua na homa. Nilivorudi mwili ulikua mzito siku ya kwanza, ya pili ukakubali.

Kitu kimoja tu cha kuandika. Watu wakisikia naishi Tabata na nafanya Tabata wananiuliza kama mazoezi yametoka hapa. Hapana, ni jina la Izumi Tabata, mtaalamu wa Japani, na utafiti wake wa 1996 ulifanywa kwa baiskeli ya maabara: sekunde 20 kwa nguvu iliyopita kiwango cha juu cha oksijeni, asilimia 170 ya hicho kiwango, sekunde 10 kupumzika, mara saba au nane basi umekwisha. Ni kama dakika nne, na walipima uwezo wa pumzi. Ukiona video ya nusu saa imeitwa Tabata na kalori kibao pembeni, ni sekunde 20 na 10 ndo zimeazimwa. Mimi mtaa wangu naupenda na jina naona fahari nalo, ndo maana nataka lielezwe vizuri.

Siku ya 33, Ijumaa

Video za mwezi wa pili zimeanza, ngumu zaidi. Nilisoma kitu wiki hii kimenikalisha chini, na kimetoka kwetu.

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa utafiti wa Wahadza wa kule Ziwa Eyasi, ndugu zetu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Waliwanywesha maji maalum yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, alafu wakapima mkojo kwa siku kadhaa kuona vinatoka kwa kasi gani, na hicho ndo kipimo bora kuliko vyote cha kalori za mtu anayeishi maisha yake ya kawaida bila barakoa. Wahadza wanatembea sana, kila siku, na wanafanya kazi za nguvu. Lakini ukishazingatia ukubwa wa mwili, kalori zao kwa siku nzima hazikutofautiana na za watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa maofisini.

Nimesoma mara tatu. Wanachosema ni kwamba mwili unajua kubana matumizi: ukitumia sana huku, unapunguza kule. Sio kwamba mazoezi hayachomi, dakika ile ya kuruka inachoma kabisa, ila siku nzima haiongezeki kwa kiwango ulichochoma. Nikajiangalia mimi. Kweli toka nianze, jioni nikishamaliza nakaa. Zamani nilikua naenda dukani kwa miguu, sa hivi namtuma Neema. Hilo sikuwahi kuliandika kwenye kaunta buku.

Kuanzia leo dukani naenda mwenyewe.

Siku ya 40, Ijumaa

Kidato tena. Sentimita 20 zilezile, metronomu ileile, saa 12 asubuhi, feni, tumbo tupu. Uzito 85.0.

Mizunguko 15: mapigo 101. Mwanzo 112.
Mizunguko 30: mapigo 133. Mwanzo 146.

Mapigo 11 mpaka 13 yameshuka kwa kazi ileile. Nilimwita Mama Neema aje aone, nikarudia mara mbili nikihofia mkanda umelegea. Haujalegea. Sijui kama nimewahi kufurahia namba yoyote hivi, maana hii haikutoka kwenye formula ya mtu, ni moyo wangu wenyewe umekua na nguvu, mtoto wa mzee mwenye sukari.

Laini mpya: kila pigo ni kalori 0.135, na mizunguko 30 ni 10.1 kwa dakika (kwasababu uzito umepungua, naibeba mwili mwepesi).

Alasiri zoezi zima la dakika 42: marudio 471, wastani wa mapigo 147.
Laini mpya inasema 505.
Formula ya Cape Town inasema 620.

Sasa weka pamoja na siku ya 12. Formula: kutoka 639 mpaka 620, imeshuka. Laini yangu: kutoka 458 mpaka 505, imepanda. Marudio hayajaacha shaka, alfajiri ile nilifanya 386, leo kwenye joto 471. Kazi imeongezeka, na mtu anayefuata saa angeambiwa amelegea, angeweza kukata tamaa siku ambayo kwa kweli ndo bora kuliko zote. Hapo ndo naona kosa la saa linaumiza watu, sio tu kwamba namba ni kubwa, bali inasogea upande usio wake.

Kitu kingine kizuri. Mwanzo laini yangu ilikua asilimia 72 ya formula, leo ni 81. Kadiri pumzi inavoongezeka ndo nawasogelea wale waliopimwa Cape Town.

Siku ya 41, Jumamosi

Hesabu ya mizani, niliisubiri.

Kilo 88.0 mpaka 85.0. Zimetoka 3.0. Mazoezi niliyofanya ni 33 (nilikosa matatu).

Ukichukua saa, 33 × 681 ni 22,473, gawa kwa 7700 unapata kilo 2.9. Inalingana kabisa na mizani! Nilivoiona nilishtuka, nikasema mbona nimemsingizia saa wa watu. Ila kuna kitu hakijaingia humo. Toka siku ya 3 niliacha soda yangu ya kila siku, chupa ya mililita 350 yenye sukari gramu kama 37, kalori 148, na nimepunguza chapati moja kila siku, 306. Siku 40 ni kama 18,160. Hiyo peke yake ni kilo 2.4.

Kwahiyo ukiamini saa ilibidi nipungue kilo 5.3. Ukiamini hesabu yangu, mazoezi kama kalori 400 mara 33 ni 13,200, jumlisha chakula, ilibidi nipungue kilo 4.1. Zimetoka 3.0. Hata yangu imezidi, na sehemu ya hiyo tofauti naiona kwa Wahadza na kwenye kochi langu la jioni, sehemu nyingine ni maji na zile siku za harusi mbili nilizoandika kwenye buku kwa wino mwekundu. Naikubali ilivo.

Kama mtu ana saa tu na hana mkanda wala muda wa kidato, ningemwambia achukue theluthi mbili ya inachosema, atoe na zile za kupumzika, alafu asile chochote kwa ajili ya kilichobaki. Kwangu mimi theluthi mbili ya 681 ni 454, imekaa palepale. Kwako inaweza isikae, ila itakuweka karibu kuliko 681.

Siku ya 42, Jumapili

Leo kidato amepanda Mama Neema. Kasema kama ni kweli kila mtu ana laini yake basi na yeye anataka yake, kilo 71, mkanda tumeukaza tundu mbili zaidi.

Mizunguko 15: mapigo 118, kalori 4.9 kwa dakika.
Mizunguko 20: mapigo 131, kalori 6.1.

Ya 25 hatukufika, maharage yalikua yanaungulia jikoni akakimbia. Neema ndo alikua anaandika safari hii, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Tunaendelea Jumapili ijayo tukianzia 15 tena.